Kuwekeza katika nchi inayobisha hodi kwenye jumuiya ya kikanda: hatua kwa hatua

Benki ya Equity ya Kenya iliingia Kongo (DRC) mwaka 2015 kwa kununua hisa nyingi za benki ya ProCredit, na mwaka 2020 ikaongeza BCDC, mojawapo ya benki kongwe za nchi hiyo. Kongo ilikuja kutia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022. Ulaya nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Volkswagen ilianza kununua hisa za Škoda mwaka 1991, enzi za Czechoslovakia, na Czech ikaingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Renault iliichukua Dacia, kampuni ya magari ya Romania, mwaka 1999. Romania ikapokewa 2007.

Ukiishia hapo utadhani siri yote ni kuwahi. Itazame basi Uturuki. Iliomba uanachama 1987, ikaanza majadiliano 2005, na mpaka leo iko nje. Lakini tangu mwisho wa mwaka 1995 ina umoja wa forodha na Ulaya, yaani ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje na hakuna ushuru kati yao, na magari yanayoundwa Bursa na Kocaeli yanaingia Ujerumani na Ufaransa bila ushuru. Aliyejenga kiwanda kwa kuhesabu umoja wa forodha amekula faida miaka yote hii. Aliyehesabu uanachama bado anasubiri.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na swali la "watajiunga lini?" Unamlenga mwenye mtaji wa wastani, asiye na jopo la wanasheria, anayefikiria kuweka kiwanda, ghala au hisa katika nchi ambayo bado iko kwenye foleni ya jumuiya fulani.

Hatua ya 1: Jua nchi imefika ngazi gani

Wanasiasa hutangaza "tumejiunga" mapema mno, na magazeti huwafuata. Kwa mwekezaji ngazi ni nyingi, na kila moja ina uzito wake: kuomba, kutambuliwa kuwa mgombea, kuanza majadiliano, kukubaliwa, kutia saini, kuridhia na kuwasilisha hati, kisha kutekeleza. Somalia iliomba kuingia Afrika Mashariki mwaka 2012. Wakuu wa nchi waliikubali Novemba 2023, saini ikawekwa Desemba, na hati ya kuridhia ikawasilishwa Machi 2024. Habari moja hiyo ina tarehe nne, na mtu anaweza kukuuzia mradi kwa kutaja yoyote kati yake.

Ngazi ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi. Sudan Kusini ni mwanachama tangu 2016, lakini hilo halikumaanisha kwamba kesho yake maofisa wa mpakani walianza kutoza ushuru wa pamoja.

Ulaya kuna ugumu wa ziada: kila ngazi inataka kauli moja ya wanachama wote. Makedonia Kaskazini ilikuwa mgombea tangu 2005. Ugiriki ikagomea jina lake, nchi ikabadili jina mwaka 2019, na mwaka uliofuata Bulgaria nayo ikaweka kizuizi kwa sababu za historia na lugha. Majadiliano yalifunguliwa rasmi Julai 2022, kisha yakakwama tena kusubiri marekebisho ya katiba. Hakuna kati ya hayo lililohusu uchumi. Mchumi wako anaweza kupiga hesabu zote sawasawa na bado akakosea kwa miaka kumi na mitano.

Mbia akikuuliza "lini?", mjibu kwa ngazi. Ukitaja mwaka, ataushikilia.

Hatua ya 2: Tafuta mlango uliokwisha kufunguliwa kwa bidhaa yako

Kabla ya kusoma mkataba wowote, pata namba ya forodha ya bidhaa yako. Tarakimu sita za kwanza ni zile zile karibu dunia nzima, na wakala wa forodha atakutajia ndani ya dakika chache. Ukiwa nayo, uliza maswali mahususi: leo hii bidhaa hii ikitoka nchi ile kuingia sokoni kwa jumuiya inatozwa ushuru asilimia ngapi? Kuna kiwango cha mwisho kwa mwaka? Kuna kibali kinachotakiwa kabla ya meli kuondoka?

Nchi nyingi zilizo kwenye foleni zina mkataba wa ushirika unaofungua sehemu kubwa ya biashara mapema. Wa Serbia ulianza kufanya kazi Septemba 2013, wa Moldova ulianza kutumika kwa muda Septemba 2014. Ndiyo sababu viwanda vya nyaya za magari vilijaa katika nchi hizo, na leo zaidi ya nusu ya mauzo ya Moldova ya nje yanakwenda Umoja wa Ulaya.

Lakini usisome kichwa cha habari peke yake. Umoja wa forodha wa Uturuki unahusu bidhaa za viwandani. Mazao ghafi ya kilimo na huduma hayamo. Mtengeneza friji yuko ndani, mkulima wa nyanya ana utaratibu mwingine kabisa.

Chukua asali, bidhaa inayowavutia wengi kwa kuwa mtaji wake ni mdogo. Ushuru unaweza kuwa sifuri na bado usiuze hata kopo moja. Kwa Umoja wa Ulaya asali ni zao la mnyama, kwa hiyo nchi yenyewe lazima iwe na mpango uliokubaliwa wa kupima mabaki ya dawa na iwemo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa. Mpango huo ni kazi ya serikali na maabara zake; wewe huwezi kuununua. Nchi isipokuwamo kwenye orodha, mizinga yako itabaki kuhudumia soko la ndani hata kama rais amepigwa picha Brussels. Nyama, maziwa na samaki ni hivyo hivyo, na kwa zote hizo, asali ikiwemo, kiwanda chenyewe nacho lazima kiidhinishwe.

Kwa hiyo ukitembelea nchi, baada ya mamlaka ya uwekezaji, ambako utapewa chai na kijitabu chenye picha nzuri, nenda pia maabara ya taifa ya chakula au shirika la viwango. Uliza vyeti vyao vinatambuliwa wapi. Jibu la mkuu wa maabara lina thamani kuliko hotuba ya waziri.

Hatua ya 3: Bidhaa yako ni ya wapi?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu linaonekana swali la kitoto. Ukishona shati Moldova kwa kitambaa cha China, shati ni la Moldova? Kwa mkataba, huenda si la Moldova. Kanuni za uasili wa bidhaa mara nyingi hutaka nguo ipitie hatua mbili nchini, uzi kuwa kitambaa na kitambaa kuwa nguo, au kitambaa kitoke katika nchi ambayo mkataba unaruhusu malighafi zake kuhesabiwa kama za kwako. Usipotimiza, unalipa ushuru kama mtu wa mbali, na cheti cha uasili ulichopewa kinaweza kukaguliwa miaka baadaye, ukadaiwa wa nyuma wote.

Tofautisha eneo huru la biashara, ambamo kila nchi hubaki na ushuru wake kwa bidhaa za nje, na umoja wa forodha. Katika umoja wa forodha uliokamilika, bidhaa ikilipiwa ushuru mara moja inazunguka kokote. Ndiyo kazi ya cheti cha A.TR kati ya Uturuki na Ulaya, ambacho hakiulizi bidhaa imetoka wapi ila kama imelipiwa. Afrika Mashariki inaitwa umoja wa forodha tangu 2005, lakini bado inadai cheti cha uasili ili bidhaa ivuke bila ushuru. Majina yanafanana, makaratasi hayafanani.

Andika malighafi zako zote kwenye karatasi moja, kila moja na nchi inakotoka na bei yake, kisha mpe mtu anayejua kanuni za bidhaa hiyo. Gharama ya ushauri huo ni ndogo kuliko kontena moja lililozuiwa bandarini.

Hatua ya 4: Piga hesabu mara mbili, ya leo na ya siku ya kuingia

Uanachama hufungua upande mmoja na kufunga mwingine. Nchi ikiingia umoja wa forodha inaacha ushuru wake na kuchukua wa jumuiya. Afrika Mashariki ina viwango vya 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa baadhi ya bidhaa. Kama faida yako inasimama juu ya chuma, kitambaa au mafuta ya kula unayoagiza leo kutoka Asia kwa ushuru mdogo, na jumuiya inakiweka kitu hicho kwenye 25 au 35, siku ya sherehe ndiyo siku gharama yako inapanda. Hapo una njia mbili: kununua kwa mzalishaji wa ndani ya jumuiya, au kuomba nafuu maalumu. Nafuu hizo zipo, lakini ni za mwaka mmoja na huombwa kila mwaka.

Pia nchi inaachana na mikataba yake ya awali. Croatia ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Julai 2013 ilitoka siku hiyo hiyo katika CEFTA, eneo huru la biashara la majirani zake wa Balkani. Kampuni za Croatia zilizozoea kuuza sigara na vyakula Bosnia zikajikuta ng'ambo ya mpaka wa ushuru. Huko Bosnia nako, wafugaji waliokuwa wakiuza maziwa Croatia wakakuta mlango umefungwa mpaka watimize masharti ya afya ya Ulaya. Serbia ina mkataba wa biashara huru na China tangu Julai 2024, na mwingine na Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia. Ikipokewa Ulaya, yote itabidi ivunjwe. Akija mtu kukushawishi kwamba kiwanda Serbia kitauza Ulaya na China na Urusi bila ushuru, anasema kweli kwa leo. Muulize kama mradi unarudisha fedha kabla ya siku hiyo.

Na mlango ukifunguka, wanaingia pia wengine. Kiwanda cha biskuti kilicholindwa na ushuru wa asilimia 30 hakina kinga tena mbele ya kampuni kubwa ya jumuiya yenye malori na matangazo. Mshindani huyo anaweza kuwa sababu ya kutowekeza kabisa, au ya kuwekeza kwenye vifungashio, ghala na usafirishaji, mambo ambayo yeye mwenyewe atayahitaji akifika.

Hatua ya 5: Vivutio unavyopewa, na nani anaweza kuvifuta

Hii isome polepole.

Nchi inayotaka wawekezaji huahidi msamaha wa kodi miaka kumi, ardhi kwa bei ya kutupa, malighafi bila ushuru. Makedonia Kaskazini hutoa hadi miaka kumi ya kutolipa kodi ya faida katika maeneo yake maalumu ya viwanda. Ahadi hizo ni za kweli siku zinapotolewa. Tatizo ni kwamba jumuiya unayoitegemea ina sheria zake juu ya serikali kusaidia kampuni, na nchi inayojiunga lazima izifuate.

Kesi ya Micula ya Romania ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Romania ilitangaza maeneo yenye hali ngumu kiuchumi, likiwemo la Ștei-Nucet, na kuahidi nafuu za kodi na ushuru kwa miaka kumi kuanzia 1999. Ndugu wawili wenye uraia wa Sweden wakajenga huko viwanda vya vyakula na vinywaji, wakipanga mtaji wao kwa kuhesabu hiyo miaka kumi. Februari 2005, miaka miwili kabla ya kuingia Ulaya, Romania ikafuta sehemu kubwa ya nafuu hizo ili itimize masharti ya uanachama. Wakashitaki mbele ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, kwa kutumia mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Sweden na Romania. Desemba 2013 wakashinda: lei (sarafu ya Romania) milioni 376 pamoja na riba. Tume ya Ulaya ikajibu mwaka 2015 kwamba kulipa fidia hiyo ni kutoa tena ule ule msaada uliokatazwa, na Romania isilipe. Mashauri yakaendelea mahakama za Luxembourg, London na Washington mwaka baada ya mwaka. Walikuwa na hoja nzuri, wanasheria wazuri na hukumu mkononi.

Fanya hivi. Kwanza, uliza kila kivutio kinatokana na sheria, kanuni ya waziri au barua. Barua isikupe usingizi. Pili, uliza kama mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia misaada ya serikali imekiidhinisha. Nchi nyingi zenye mkataba wa ushirika na Ulaya zimekwisha kuahidi kufuata kanuni za misaada hata kabla ya kuingia. Tatu, pendelea msaada unaopimwa kwa sehemu ya gharama ya mtaji ulioweka, wenye ukomo, badala ya msamaha usio na kipimo. Poland ilipoingia 2004 ililazimika kuigeuza misamaha ya maeneo yake maalumu ya kiuchumi iwe ya aina hiyo, na kampuni kubwa zikakatiwa kiwango. Nne, weka kifungu cha nani abebe hasara sheria ikibadilika kwa sababu ya uanachama, uanachama ukitajwa kwa jina.

Mkataba wa kulinda uwekezaji nao una uhai wake. Machi 2018 Mahakama ya Ulaya, katika shauri la Achmea kati ya kampuni ya Uholanzi na Slovakia, iliamua kwamba usuluhishi chini ya mikataba ya nchi mbili zote zilizo wanachama haupatani na sheria ya Umoja. Mwaka 2020 nchi 23 zikasaini kuifuta mikataba hiyo baina yao. Maana yake: ukimiliki hisa zako za Montenegro kupitia kampuni iliyosajiliwa Uholanzi, kinga yako ya usuluhishi inaweza kuondoka siku Montenegro inapokuwa mwanachama. Amua mapema kampuni mama ikae wapi. Kuihamisha wakati mgogoro umeshaanza mara nyingi hukataliwa.

Hatua ya 6: Ardhi na watu

Kununua nyumba na viwanja kwa sababu "vitapanda wakijiunga" ni mchezo wa kubahatisha, na huwa na watu wengi. Latvia ilijiunga 2004, mikopo ya nyumba ikafurika, bei zikaruka. Desemba 2008 ilikuwa ikiomba msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa na Umoja wa Ulaya. Kuhusu mashamba, angalia kipindi cha mpito: Poland ilipewa miaka 12 ya kuwazuia raia wa nchi nyingine wanachama kununua ardhi ya kilimo kwa uhuru. Upangaji wa muda mrefu unaweza kukufaa zaidi.

Watu ni jambo zito zaidi. Wengi huwekeza kwa kuvutiwa na mshahara mdogo wa fundi, na fundi huyo ndiye wa kwanza kuondoka mipaka ikifunguka. Mwaka 2004 Uingereza, Ireland na Sweden ziliwapokea mara moja wafanyakazi wa nchi mpya. Ujerumani na Austria zikazuia mpaka 2011. Weka kwenye bajeti yako kupanda kwa mishahara kwa kasi kuliko anavyokuambia mhasibu, pamoja na fedha za kufundisha vijana watakaochukua nafasi. Mradi usioweza kuvumilia hilo haufai nchi ya aina hii.

Hatua ya 7: Fedha kuingia na kutoka

Fupi: fungua akaunti, tuma kiasi kidogo, kirudishe, uone siku ngapi na makato kiasi gani. Hakikisha mtaji wako umesajiliwa kama mtaji wa nje tangu siku ya kwanza, maana bila karatasi hiyo kurudisha faida kunaweza kuwa vita. Usichanganye uanachama na sarafu: Croatia iliingia 2013 lakini ikaanza kutumia euro Januari 2023, na Montenegro inatumia euro ingawa si mwanachama. Kuna mafanikio madogo ya kufuatilia. Albania na Montenegro zilikubaliwa Novemba 2024 kwenye mfumo wa malipo ya euro wa SEPA. Kwa muuzaji mdogo anayelipwa mara nyingi kwa mwezi, hilo linaweza kuwa na faida ya haraka kuliko sura (mada) nzima ya majadiliano ya uanachama.

Hatua ya 8: Weka mpango wa nchi kukwama, na wa nchi kutoka

Uturuki imekwama. Venezuela iliingia Mercosur, jumuiya ya biashara ya Amerika Kusini, 2012 ikasimamishwa 2016. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025. Chora mradi wako mara tatu: nchi inajiunga, nchi inabaki ilipo, nchi inarudi nyuma. Safu ya katikati ndiyo ya kuamulia. Ikionyesha hasara, acha, hata kama safu ya kwanza inang'aa.

Hatua ya 9: Nini cha kusoma, na lini

Kwa nchi zinazoomba Umoja wa Ulaya, Tume hutoa ripoti ya kila nchi kila mwaka, kwa kawaida vuli. Usisome utangulizi. Nenda moja kwa moja kwenye sura zinazogusa biashara yako: 1 (bidhaa kuzunguka huru), 8 (ushindani na misaada ya serikali), 12 (usalama wa chakula), 23 (mahakama), 29 (forodha). Kila sura hupewa daraja kwa maneno, kuanzia "hatua ya mwanzo" mpaka "imeendelea sana". Weka ripoti za miaka mitatu kando kwa kando. Daraja lisilosogea miaka mitatu lina maana kuliko sentensi zote za pongezi zilizolizunguka. Sura ya 23 isipuuzwe na mtu wa viwanda: ndiyo inayokuambia kama ukidai deni mahakamani utalipwa.

Kwa Afrika Mashariki, shika Gazeti la Jumuiya linalotoka mwishoni mwa Juni. Humo mna orodha ya bidhaa ambazo kila nchi imeruhusiwa kutoza tofauti na ushuru wa pamoja kuanzia Julai 1. Tafuta namba yako ya forodha kwenye kila nchi, si ile unayowekeza tu. Ukiikuta, piga simu kwa wakala wako kabla ya kuagiza shehena inayofuata.